Mchwa Alivyoupima Ukuta wa Kiboko

"Paukwa, wasikivu wangu."
"Pakawa, bibi, tumekaa."
"Palikuwa na nyumba."
"Ikasimama."
"Ilisimama, ndiyo. Sikilizeni ilivyosimama."

Nyumba ilikuwa moja, milango miwili. Upande huu Kiboko, upande ule Digidigi na watoto wake watatu. Katikati, ukuta wa udongo. Kiboko alikula, akanenepa, akala, akanenepa, chumba kikambana.

"Jirani," akasema, "kesho naubomoa ukuta. Tafuta pa kwenda."

Digidigi akaenda kumwita Mchwa, mhandisi wa majengo. Majirani wakamcheka: Mchwa si ndiye mla nyumba?

"Anayekula nyumba," Digidigi akajibu, "ndiye anayejua kinachoishikilia."

Mchwa akaja, akapanda ukutani. Akagonga, ngo ngo, akasikiliza. Akasogea, akagonga, ngo ngo, akasikiliza. Akafika katikati, akagonga: ndi, mlio mzito. Digidigi akasogea karibu. Kiumbe mdogo kama punje ya mtama alikuwa anaiuliza nyumba, na nyumba inamjibu.

"Mama," Mchwa akanong'ona, "ukuta huu ndio uliobeba paa lote. Watoe wanao nje."

Kisha akamwendea Kiboko. "Mzee, ukuta utabomoka. Ila boriti ya paa inataka mgongo wa kuishikilia. Nimemfikiria Tembo."

"Tembo wa nini? Mgongo ninao."

Kiboko akaingia chini ya boriti. Ukoo mzima wa Mchwa ukatafuna, keretu keretu, ukuta ukaporomoka, puu. Boriti ikashuka, ikatua mgongoni mwa Kiboko.

"Sasa nitoke."

"Ukitoka, paa litakufuata."

Kiboko akasogeza mguu mmoja. Paa likalia, kwiii. Akaurudisha.

"Basi nijengee nguzo."

"Nitajenga ukuta. Lakini kwanza, chumba cha pili ni cha nani?"

Kiboko akatazama mlangoni. Majirani wote walikuwa pale, wanasikia.

"Cha Digidigi," akasema. "Yeye na wanawe."

Ukoo wa Mchwa ukajenga siku tatu, tope kwa mate, punje juu ya punje. Digidigi alisimama uani na wanawe, akiutazama ukuta ukiota kutoka ardhini. Ulipoigusa boriti, Kiboko akajivuta polepole, akatoka. Paa halikulia. Digidigi akaingia, akaegemeza pua yake ukutani. Ulikuwa wa baridi, umetulia.

Nami naishia hapo. Aliyesikia amwambie aliyesinzia. Funzo? Wanangu, mkitaka kubomoa ukuta, msimwite mhandisi. Wahandisi wanachelewesha kazi. Mwiteni mtu mnene.