Nafasi ya Chungu Kimoja

Pa! Mlio mmoja tu usiku, kisha kimya. Chungu kilikuwa kimepasuka motoni.

Mama mmoja mfinyanzi, wa kando ya ziwa, alikuwa na binti wawili, Ambwene na mdogo wake Sekela. Alipofariki aliwaachia shimo moja la udongo mweusi, na kila mmoja akawasha moto wake. Ninyi mnaolinganisha bajeti za mataifa, mkitafuta kila nchi imeutengea fungu gani utafiti wa vyuo vikuu vyake, itazameni mioto hii miwili.

Ambwene aliujaza moto wake vyungu vya soko, ukingo kwa ukingo. Sekela naye aliujaza, ila kila alipochoma aliacha nafasi ya chungu kimoja, akampa binti yake Lugano. Lugano alifinyanga udongo mwekundu wa mlimani, ambao hakuna aliyeuamini, na kila mara ulipasuka. Sekela alikwenda sokoni na mzigo pungufu, na bado aliiacha nafasi ile.

Ambwene, mama mkubwa wa binti huyo, hakumtaja tena kwa jina. "Mama Vigae," alimwita mbele ya watu, "leo umetuzalia vigae vingapi?" Watu walicheka. Lugano aliviokota, akaviweka.

Kisha ziwa likapanda, likalimeza shimo la udongo mweusi, wala halikurudi nyuma. Ukabaki udongo wa mlimani. Ambwene aliuchoma, na vyungu vyake vyote vikapasuka. Njaa ikabisha hodi kwake.

Lugano alikuwa amekwisha kujaribu kuutilia udongo huo mchanga, majivu na makapi. Sasa alivitwanga vile vigae vya miaka yote vikawa unga, akauchanganya na udongo mbichi. Sekela akampa kuni zake za mwisho na moto mzima. Usiku huo wanawake wa kijiji walikaa wakisikiliza. Hapakusikika mlio. Kulipokucha waliondoa majivu, wakaviona vyungu vimekaa vizima, vyekundu, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuvigusa. Kilichokwisha kupasuka motoni hakiogopi moto tena. Unga huo wa vigae ndio uliovishika vyungu.

Ambwene alikuja mikono mitupu. Aligonga chungu kimoja kwa ukucha, nacho kikaitika. Akapiga magoti majivuni.

"Udongo huu unachanganywaje, Lugano?"