Jumbe Kifaru Apandishwa Machela

Hapo zamani za kale, sogea wewe, usinikalie khanga! Zamani hizo wanyama walikuwa na majiko na majirani wa kuwasengenya, na kisima chao kilifunikwa kwa jiwe kubwa. Aliyeweza kuliinua ni Jumbe Kifaru peke yake. Basi akaringa huyo! Akiamka saa nne, maji saa nne. Asipoamka, watoto wanalia kiu.

Bi Kidawa, Digidigi mwenye vijiguu kama njiti, akamwendea.

"Jumbe, mwanangu midomo imempasuka. Turuhusu wanawake tujizoeze kuinua jiwe."

"Mwanamke na jiwe wapi na wapi? Mtaota ndevu! Nikimwona mmoja wenu anajizoeza, kisima nakifunga mwezi mzima!"

Bi Kidawa akaondoka amekasirika kwelikweli. Kesho yake akarudi, akapiga magoti.

"Jumbe, mkubwa kama wewe unatembea kwa miguu kama sisi? Aibu gani hii! Tukutengenezee machela, tukubebe mabegani."

Masikio ya Kifaru yakasimama. "Nibebwe? Mimi? Haya, leo hii!"

"Aa, heshima hailiwi kwa tonge moja. Leo tutabeba kofia yako."

Basi Bi Pofu, Bi Ngiri na wenzao kumi wakabeba machela yenye kofia. Kisimani na kurudi, hei! hei! Wiki ya pili, kofia na kiti. Wiki ya tatu, kofia, kiti na magunia ya mtama, eti chakula cha safari ya Jumbe!

"Shoga, mabega yanawaka moto!" alilia Bi Ngiri.

"Yaache yawake," akajibu Bi Kidawa. "Kula kunde, lala. Kesho tunaongeza gunia."

Mwisho akapanda Kifaru mwenyewe. Kwichi! Kwichi! Machela ikalia. Akabebwa shambani, akabebwa barazani, akabebwa hata chooni! Akanenepa, akalegea tepetepe. Jiwe akawa analiinua kwa kuhema, tena siku moja moja.

Siku ya jua kali, pale kisimani, mbele ya watoto wenye ndoo tupu, akapiga miayo juu ya machela.

"Nimechoka kubebwa. Maji kesho."

"Shoga zangu," akasema Bi Kidawa, "shusheni mzigo."

Pu!

"Shikeni jiwe. Moja, mbili, inua!"

Gruu... gruu... tii! Jiwe likaanguka pembeni. Vigelegele! Mwana wa Bi Kidawa akanywa mpaka kitumbo kikawa ngoma.

"Lirudisheni!" akanguruma Kifaru. Akalishika mwenyewe. Mmmph! Jiwe kimya. Mmmph! Akakaa chini, jasho chururu.

"Mmenidanganya! Mlisema mnanipa heshima!"

"Heshima tulikupa, Jumbe," akasema Bi Kidawa. "Nawe ukatupa uzito. Ahsante sana."

Basi wanangu, nguvu ni ya anayeitolea jasho.