Namba Tatu ya Bwana Mshangama

Gari la mbao la Nakijwa, namba tisa, lilishinda mbio za mteremkoni na zawadi ya baiskeli. Bwana Mshangama, mwenye maduka matatu na aibu kiduchu, akabandua ile tisa, akabandika tatu ya mwanawe.

"Mwamuzi, husomi? Tatu!"

Nakijwa akapiga goti. "Hongera, baba. Mpe mwanao pole ya kufungiwa."

"Kufungiwa?"

"Mizani inawangoja. Chuma nilichoficha tumboni mwa gari ni marufuku, na sasa ni chenu."

Mshangama akabandua tatu mbiombio. "Mwamuzi, gari ni la binti huyu! Mwenyewe kakiri!"

Mwamuzi akaandika, kisha akapima. Uzito ulikuwa halali, mbao tupu.

"Chuma kiko wapi?" Mshangama akafoka.

"Hiki hapa, baba," akasema Nakijwa, akapanda baiskeli.