Wimbo wa Misumari kwa Sauti ya Chini

Sogezeni viti, lakini msiegemee sana, maana hadithi hii mimi mwenyewe sina mwisho wake. Nimeizungusha kichwani weee, na bado inanipiga chenga. Mwisho mtautoa ninyi.

Huko Tanga, katika mtaa mmoja wa nyumba zilizobanana, palikuwa na vijana watatu, na kila mmoja alijaliwa chake.

Mwantumu alijaliwa maneno, na koo la kuyarusha. Alipenda panki, ule muziki wa gitaa la fujo na ngoma za mbio ambao wimbo mzima huisha kabla chai haijapoa. Wenyewe Wazungu waliuimba kwa Kizungu chao. Yeye alitunga wa kwake kwa Kiswahili. Mtu akimuudhi asubuhi, jioni wimbo wake uko tayari.

Hemedi alijaliwa masikio na vidole. Baba yake alikuwa fundi redio, na katika kanda ambazo wateja walizisahau dukani, Hemedi aliokota bosanova, muziki wa Brazili unaopigwa kwa upole, kidole gumba kikitembea na besi huku vingine vikidonoa katikati. Wimbo ukiingia sikioni mwake, hata uwe wa makelele vipi, yeye alisikia mwingine umelala ndani yake.

Na Jokha alijaliwa sauti ndogo. Alikuwa na pumu tangu utotoni, akipaza sauti pumzi inamkatika. Basi akazoea kuimba kama mtu anayekwambia siri, na siri yenyewe unaisikia mpaka nukta yake ya mwisho.

Mwantumu na Hemedi walikuwa na bendi yao, Misumari. Walipiga panki, na siku wakiwa na furaha kidogo walipiga nyu wevu, ndugu yake panki aliyenunuliwa kinanda. Walifanyia mazoezi katika ukumbi wa mtaa, na hapo ndipo palipokuwa na kasheshe. Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi alikuwa Bi Mwanahawa, na mlango wake ulitazamana na mlango wa ukumbi. Kila siku ya mazoezi alisimama kizingitini, amejifunga kanga mbili, akihesabu viatu vilivyovuliwa nje ili ajue wamo wasichana wangapi na wavulana wangapi. Akishamaliza kuhesabu, anakwenda kuwasema mtaani.

Mwantumu akakasirika. Akikasirika mnajua anafanya nini.

*Kila nikitoka, uko mlangoni,*
*viatu vyangu wavihesabu.*
*Geuka kwanza, tazama jikoni,*
*chungu chaungua, wajipa tabu.*

Aliuimba wimbo huo mwaka mzima, dirisha wazi, mlango wazi, na mlengwa akiwa hatua chache kutoka hapo. Bi Mwanahawa hakuwahi kushika hata neno moja. Alichosikia ni kelele, na kwa sababu ya kelele hizo kamati ikaamua ukumbi ugeuzwe stoo ya viti na masufuria ya shughuli.

"Shikamoo, mama," Mwantumu alikwenda kuomba. "Tukifungiwa hapa hatuna pengine pa kupigia. Bendi itakufa."

"Marahaba. Ife, tulale," Bi Mwanahawa akajibu. Kisha, maana hakuwa mtu mbaya, akalegea. "Haya. Jumamosi baada ya alasiri akina mama tuna hafla yetu. Njooni mpige. Wakikaa mpaka wimbo wa mwisho, ukumbi wenu. Wakiinuka kuondoka, naleta viti Jumapili."

Kazi ikaanza. Na hapa nisikilizeni vizuri, msije mkanidai baadaye kwamba nimempendelea mtu.

Hemedi alichukua nyimbo za Misumari moja moja. Gitaa la umeme akaliweka pembeni, akatoa la nyuzi za nailoni. Mwendo akaupunguza nusu. Pale ambapo panki ilikuwa na sauti tatu za kugonga, akatia nyingine laini katikati, hata wimbo ukawa unayumba bila kuanguka. Alikesha na vidole vikavimba. Mwantumu alipousikia wimbo wake wa mlangoni kwa mara ya kwanza, hakujua acheke au alie.

"Umeuua," akamwambia.

"Sijaugusa hata neno," Hemedi akasema. "Hebu sikiliza tena."

Akasikiliza tena. Ulikuwa mzuri, na uzuri wenyewe ndio uliomuudhi. Akajaribu kuuimba hivyo hivyo taratibu, koo likakataa. Kufika mstari wa tatu alikuwa anafoka, na gitaa limeachwa nyuma.

Jokha akaitwa. Alikuwa hajawahi kupiga panki wala hakuipenda, ilimuumiza kichwa. Lakini alikaa na maneno ya Mwantumu siku zote zile, akimuuliza kila moja lilikotoka. Alipoimba hakutia hasira. Alilitamka kila neno kwa utulivu, akaliacha lisimame peke yake, akapumua, akaendelea. Vituo vile alivyoviweka kwa ajili ya pumu ndivyo vilivyokuja kuwafanya watu wasogeze vichwa mbele.

Na Mwantumu? Yeye ndiye aliyetunga yote, tangu neno la kwanza. Jumamosi ilipofika alipewa kopo la mchele alitikise. Akapanda jukwaani na kopo lake, amefunga mdomo, akisikiliza hasira yake mwenyewe ikitoka kwenye kinywa cha mtu aliyetulia. Ilimchanganya vibaya. Alijiona kama mgeni kwenye harusi yake.

Nyimbo mbili za kwanza zilipita salama, akina mama wakinywa soda na kutikisa mguu. Ndipo ukaja wa mlangoni. Jokha akaimba ubeti wa kwanza, na soda zikawekwa chini.

Sasa mnawajua akina mama wa Tanga na wimbo wenye maneno. Ukiimbwa taratibu ukaeleweka, hausikilizwi tu, unatumiwa. Kila mmoja anatafuta ndani yake mstari wa kumpelekea jirani. Anainuka anacheza, anakwenda kumtunza mwimbaji kwa noti au kanga, na macho yake hayako kwa mwimbaji hata kidogo.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Bi Mwanahawa.

Mwantumu nusura aangushe kopo. Bi Mwanahawa aliyetungiwa wimbo! Aliinua mkono juu, akacheza polepole, akapita mbele ya jirani yake Bi Saumu, akarudi akapita tena, na kwenye "wajipa tabu" akamtazama usoni kabisa. Kisha akavua kanga yake ya juu na kumvisha Jokha mabegani. Bi Saumu naye hakukubali kupitwa. Akainuka, akamvisha Jokha kanga ya pili, macho kwa Bi Mwanahawa. Nyuma yao ukumbi mzima ukasimama, kila mama akimwimbia mwenzake. Wimbo ulirudiwa mpaka Jokha akaomba maji. Hakuna aliyeondoka.

Mwantumu alitikisa kopo bila kujua anatikisa nini. Mwaka mzima alipiga kelele bila kusikika. Leo amesikika neno kwa neno, na kila mtu anaamini anasemwa mwingine. Je, wimbo wake umefika, au umepotea njia? Alitaka kufurahi. Furaha ilikuja nusu, ikasimama.

Hafla ilipokwisha, Bi Mwanahawa akawaita watatu wale mezani kwake. Akaweka ufunguo juu ya meza.

"Ukumbi wenu," akasema. "Ila hapa ufunguo hushikwa na mtu mmoja, ndiyo desturi. Kioo kikivunjika nijue naenda kugonga kwa nani. Na mwenye ufunguo ndiye mwenye kuamua humu kunapigwa nini, wengine mtamfuata. Basi nampa yule aliyenifanyia kazi ya leo. Nani?"

Wakatazamana.

Hemedi akasema, "Mama, wimbo ule ni wa zamani, ulikuwa ukiusikia kila siku ukaziba masikio. Leo wewe mwenyewe umeinuka ukacheza. Tofauti ya jana na leo ni gitaa langu. Nikishika ufunguo, tutapiga hivi hivi, na mtaa utalala."

Jokha akasema kwa sauti yake ile ndogo, "Gitaa halina maneno, mama. Kanga mlinivisha mimi. Wao wawili walijaribu bila mimi, ikashindikana, wenyewe wanajua. Mimi nikishika, nitawafungulia na siku zao za makelele, ila siku hizo nisiitwe."

Mwantumu akautazama ufunguo. Alijua akipata ufunguo atarudisha ngoma na gitaa la umeme, na mtaa utarudi kulalamika. Alijua pia kwamba akiukosa, huenda asiimbe tena wimbo wake kwa koo lake. Mwishowe akasema, "Ondoa maneno yangu, mama, uone kama kuna mtu angeinuka kwenye kiti. Mngekunywa soda mpaka magharibi."

"Wote mna haki, na hilo ndilo linaloniudhi," Bi Mwanahawa akasema. Akauchukua ufunguo, akauzungusha kidoleni, akaguna wimbo ule kidogo, kisha akamwinamia Mwantumu, anacheka.

"Lakini wewe mwanangu ni hatari. Umempata Saumu mstari kwa mstari! Yule yuko mlangoni mchana kutwa. Hebu niambie ukweli, ulimtungia yeye, siyo? Sema, maana mtunzi akinithibitishia hilo, wallahi ufunguo huu ni wake."

Hemedi akatazama chini. Jokha akazivuta zile kanga mabegani. Wote wawili walijua ulitungiwa nani.

Mwantumu akafungua mdomo. Akisema ndiyo, ufunguo anao, na wimbo wake wa kweli kuliko zote unakuwa wa Bi Saumu, mama wa watu, ambaye hakumkosea kitu. Akisema siyo, ataulizwa ni nani basi, siri yao wote watatu itafichuka, na Jumapili viti vinaletwa. Akinyamaza, ufunguo unabaki pale, na wenzake wawili wana haki kama yeye.

Mimi nimemwacha hapo, mdomo wazi, Bi Mwanahawa anamngojea huku anacheka.

Haya, wewe uliyekaa mbele, na wewe huko nyuma unayejifanya umesinzia. Kiti cha Bi Mwanahawa kingekuwa chako, ufunguo ungemkabidhi yupi: aliyeutunga wimbo, aliyeutuliza, au aliyeuimba ukasikika? Na mdomo ule uliofunguka ungekuwa wako, ungetoa jibu gani?