Viganja vya Kinyozi

Wahenga hawakuwa na vipimo vya damu, lakini walikuwa na macho. Wakiona anga limefanya giza, waliingiza kuni ndani. Kinyozi wetu naye aliyaona mawingu yake, tena meusi tititi. Shida ni kwamba aliyasoma alivyotaka yeye.

Yalianzia viganjani. Viganja vilimwasha asubuhi na jioni, na ngozi haina hata kipele. Kwa kuwa watu husema kiganja kikiwasha pesa i njiani, kinyozi alifurahi kama bibi harusi. Nyayo nazo zilipoanza kuwasha, akacheka zaidi.

"Na safari juu!" akasema, akanunua sanduku.

"Baba Pacha, nenda hospitali," mkewe alimsihi. "Huli, hulali, unakonda huku nakuona."

"Nikaseme nini? Daktari, nimepatwa na bahati?"

Mke aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa.

Siku moja kinyozi alikuwa akimnyoa shemeji yake, kaka wa mkewe. Alipofika nusu ya kichwa, viganja vikawaka moto. Akaweka mashine chini, akajikuna kwa kitana. Shemeji akamtazama kwenye kioo, akashtuka.

"Shemeji! Mbona macho ya manjano hivyo?"

"Yanaona dhahabu inakuja."

"Dhahabu gani! Na mkojo je?"

Kinyozi akasita. "Kama chai ya rangi."

Shemeji hakungoja kumaliziwa kunyolewa. Akamkokota kinyozi hadi hospitali, kichwa chake mwenyewe upande mmoja upara, upande mmoja msitu. Daktari akamkazia macho shemeji kwa huruma.

"Pole sana, mzee. Hii ilikuanza lini?"

"Mgonjwa ni huyu!" shemeji akafoka.

Vipimo vikasema kweli. "Ngozi yako haina kosa," daktari alimweleza kinyozi. "Kijiwe kimeziba njia ya nyongo, nayo imerudi kwenye damu. Ndiyo maana unawashwa. Ungezidi kuchelewa, ini lingeharibika."

Mkewe alipofika alilia, akampiga kibao cha bega, kisha akalia tena. Kijiwe kikatolewa, na mwasho ukaisha.

"Nisamehe, mke wangu," kinyozi alisema kitandani. "Mwili ulinipigia hodi, nikadhani ni mgeni mwenye zawadi."

"Akibisha tena, mlete hapa hapa," mkewe akajibu, akimshika mkono asiuachie.

Tangu hapo hakuna aliyehitaji kumkumbusha kinyozi kwamba dalili ya mvua ni mawingu.