Mwalimu Kiboko na Mabakuli ya Vyeo

Paukwa.
Pakawa.
Nina ngano mdomoni, inaniwasha.
Iteme tuione.
Haya, naitema.

Palikuwa na chuo huko Bondeni. Hakikujengwa na mfalme. Kilijengwa na wanyama wenyewe, huyu kaleta nguzo, yule kaleta nyasi, ili mtoto wa yeyote apate ujuzi wa kumlisha. Nyuma ya chuo palikuwa na shamba la viazi vitamu, na viazi hivyo ndivyo vilikuwa chakula cha wanafunzi.

Walimu walikuwa na mwenyekiti wao, Mwalimu Kiboko. Alifundisha kuogelea, ingawa tangu masika ya mwaka juzi hakuna aliyemwona darasani. Kazi ya mwenyekiti ilikuwa kulinda shamba, na Kiboko alililinda kwa kulila. Kila uchaguzi alisimama, akafungua kinywa, aaam, akasema, "Ndugu walimu, mimi cheo sikitaki. Cheo ndicho kinanitaka." Kisha akaenda kulala mlangoni. Kura zilipigwa kwa kuinua mkono, na hakuna aliyetoka ukumbini mpaka mikono yote imeinuka.

Sasa, miongoni mwa walimu hao alikuwemo Pimbi. Mwili wake kama wa sungura aliyepunjwa masikio. Alifundisha kupanda majabali, naye alipenda kazi yake. Kilichomchosha si mlima, ni vikao.

Asubuhi moja binti wa Digidigi, mwanafunzi wake hodari, aliteleza jabalini, poromoko, poromoko, mpaka chini. Pimbi akamkimbilia.

"Umekosea wapi kuweka mguu?"

"Sikukosea, Mwalimu. Macho yameingia giza. Tangu juzi sijala."

Pimbi akaenda moja kwa moja shambani. Kiboko alikuwa kati ya matuta, anatafuna, karu, karu, karu.

"Mwenyekiti, watoto wana njaa."

"Lete hoja kikaoni," akasema Kiboko, bila kuacha kutafuna.

Pimbi akaipeleka kikaoni. Kiboko akafungua kinywa, aaam, akazungumza mpaka jua likachwa, kisha akasema muda umekwisha. Pimbi akaipeleka kwenye kikao kilichofuata. Aaam, mpaka jua likachwa. Pimbi akarudi kwenye jiwe lake taya zikimuuma kwa kusaga meno.

Uchaguzi ulipokaribia, akamwendea Mama Kanga, mwalimu mkongwe aliyesimamia kura.

"Mama, nataka kugombea uenyekiti."

"Mwanangu, utasimama wapi? Hata juu ya benchi huonekani. Na yule akilala mlangoni, nani atamwinua?"

"Basi sigombei. Nitampigia debe yeye."

Mama Kanga akamtazama kama anayenusa pombe.

Siku ikafika. Walimu wakaingia ukumbini na nyuso za wagonjwa. Kiboko hajafungua kinywa, Pimbi akapanda benchi.

"Nampendekeza Mwalimu Kiboko awe mwenyekiti."

Mikono ikainuka shingo upande.

"Nampendekeza pia awe mtunza ghala."

Minong'ono ikaanza.

"Na awe mlezi wa wanafunzi."

"Pimbi, umelishwa nini?" akauliza Nungunungu, mwalimu wa uchimbaji, miiba imemsimama.

Pimbi alikuwa anamtazama Kiboko. "Mheshimiwa, waasisi wa chuo hiki walituachia mila. Kila cheo kina bakuli lake la viazi. Mwenyekiti bakuli lake, mtunza ghala bakuli lake, mlezi bakuli lake. Na kila mwenye cheo hukaa kituoni pake, toka macheo hadi machweo. Akiitwa asipatikane, cheo kimemtoka. Na aliyetokwa na kimoja, ametokwa na vyote. Unakubali?"

Kiboko mate yalikuwa yakimdondoka, to, to, to. Masikio yake yalikuwa yameishia kwenye mabakuli.

"Nakubali," akasema.

"Walimu, mmesikia?"

"Tumesikia."

Kesho yake, jua lilipochomoza, mwenyekiti akaketi ukumbini, juu kabisa ya kilima. Bakuli likaja, linafuka moshi. Kiboko akafungua kinywa, aaam. Mara sauti ya Pimbi ikatoka chini kwenye ghala:

"Mtunza ghala yupo?"

"Nipo, nipo."

Akateremka, ndi, ndi, ndi, nchi inatetemeka. Bakuli la mtunza ghala limewekwa mlangoni. Akafungua kinywa, aaam. Mara sauti ya Nungunungu ikatoka uwanjani, ng'ambo ya kilima. Nungunungu alikuwa ameshaelewa, na kicheko kilikuwa kikimkaba.

"Mlezi wa wanafunzi yupo?"

"Nipo, nipo."

Ndi, ndi, ndi. Kapanda, kateremka upande wa pili. Kafungua kinywa, aaam. Mama Kanga akaita kutoka ukumbini:

"Mwenyekiti yupo?"

Ndi, ndi, ndi. Kinywa kilifunguka na kufunguka, kisipate cha kufungia. Kila alipofika, bakuli lilikuwa tupu, maana bakuli lililoachwa peke yake huliwa na wanafunzi walio karibu. Hiyo nayo, alieleza Pimbi, ilikuwa mila ya waasisi.

Jua likapanda. Kiboko ni mnyama wa maji, na ngozi yake ikaanza kukauka, ikaanza kupasuka. Mto aliuona kutoka kilimani, unameremeta. Akasimama mbele ya ghala, anahema, fwuu, fwuu.

"Mwalimu Pimbi, niruhusu mtoni kidogo tu."

"Lete hoja kikaoni," akasema Pimbi.

Kiboko akakitazama kilima. Ukumbi ulikuwa kule juu. Machozi yakamtoka, ndiyo maji pekee aliyoyapata siku ile.

"Vyeo vyenu hivi hapa. Vichukueni vyote."

Akaondoka, ndi, ndi, ndi, mpaka mtoni. Chubwi.

Pimbi alidhani angefurahi. Alichosikia ni uchovu tu, na hamu ya kurudi darasani.

Walimu wakakusanyika jioni ile ile, wakamchagua Mama Kanga. Kabla hajaketi, alimvuta Pimbi pembeni.

"Ile mila ya waasisi, waliiweka lini? Mimi nilikuwepo chuo kinajengwa."

"Waliiweka asubuhi ya uchaguzi, Mama. Nilikuwa napiga mswaki."

Mama Kanga akakohoa, akafungua kikao. Hoja ilikuwa shamba. Nungunungu akasema kwanza ijadiliwe nani aanze kujadili. Mwingine akasema hilo lahitaji kamati. Mama Kanga akasema kabla ya kamati angependa kutoa maneno machache, akayatoa, na hayakuwa machache.

Pimbi akasaga meno. Akapanda dirishani, akatokea nje. Wanafunzi walikuwa wamekaa ukutani wanasubiri uamuzi.

"Kikao kimesemaje, Mwalimu?" akauliza binti wa Digidigi.

"Kimesema mkachimbe viazi," akasema Pimbi.

Wakaenda wakachimba, wakachoma, wakala wakashiba. Ukumbini bado walikuwa wanazungumza.

Funzo la ngano hii, jamaa zangu, ni kwamba msiseme uongo. Wahenga walinena, njia ya mwongo ni fupi. Ya Pimbi ilikuwa fupi sana, toka dirishani hadi kwenye matuta.

Ngano yangu imekaa kitako hapo. Ikiwa tamu, nendeni nayo nyumbani. Ikiwa chungu, mkaijadili kikaoni.