Ardhi Haibebi Jeneza

Ardhi haibebi jeneza. Nimewaambia hivyo, wajukuu zangu, kwa sababu mlikuwa mnaicheka ramani, eti nchi ile ndogo inafunikwa na kidole kimoja na jirani yake haienei kiganjani. Mmeniuliza neno hili limetoka wapi. Lilizaliwa hivi.

Zilikuwako nchi mbili zimepakana, Ulwezi na Kibondeni. Ulwezi ilikuwa pana, hata mtu akitoka nyumba moja kwenda nyingine alifunga chakula cha njiani. Mbuga tele, watu wa kutafuta. Kibondeni ilikuwa kipande tu kati ya vilima viwili, lakini Mwenyezi Mungu aliijaza watu. Moshi wa jiko hili uliingia jiko lile, na kuku wa huyu alitaga uvunguni kwa yule.

Mfaume, jumbe wa Ulwezi, alijivunia upana wake. Siku moja alimwendea Chande, jumbe wa Kibondeni, akamwambia mbele ya wazee, "Mwenzangu, hii yako si nchi, ni ua. Jogoo akiwika mwanzo wake, anasikika mwisho wake."

"Ndivyo," akasema Chande. "Na sote tunaamka."

Wazee wakacheka. Mfaume hakucheka. "Mkishavuna nitakuja na watu wangu. Kibondeni itakuwa mtaa wa Ulwezi."

Kabla mavuno hayajaisha, mama yake Mfaume, Bi Zainamu, akafariki. Alikuwa ameusia azikwe kando ya mumewe, upande wa pili wa Ulwezi, na njia ya huko hupita ukingoni mwa Kibondeni. Mfaume akapeleka habari, lakini nyumba zilikuwa mbali na maiti hacheleweshwi. Wakaondoka wachache waliopatikana. Jua likapanda, mabega yakachoka, wa kupokea hakuna. Mwishowe wakalitua jeneza vumbini, na Mfaume akasimama akimkingia mama yake jua kwa kilemba.

Mwanamke wa Kibondeni aliyekuwa akivuna mtama karibu na hapo akaona jeneza limetuliwa njiani. Akapiga yowe. Kule Kibondeni yowe moja hutosha. Wanaume wakaacha kazi wakaja, wengine na makapi kichwani, na hakuna aliyeuliza maiti ni wa nani. Jeneza likanyanyuka. Likapokewa bega kwa bega, kila mmoja akiitafuta thawabu yake, likawa kama linaelea juu ya kofia zao. Halikugusa chini tena.

Mfaume alitaka kulishika, akakosa pa kupita. "Nipisheni, jamani," akasema nyuma yao. "Ni mama yangu."

Kijana mmoja akageuka, akamtambua, akamwachia nafasi. "Shika hapa, Jumbe. Ukichoka sema, tuko wengi."

Wakazika jua lingali juu. Dua ilipokwisha, Chande, mikono yake ina udongo wa kaburi, akamsogelea mwenzake. "Mavuno yanaelekea mwisho," akasema taratibu. "Tukungoje?"

Mfaume akaitazama mbuga yake yote mpaka ilipokutana na mbingu, haina mtu. Kisha akawatazama wale waliokuwa wakikung'uta vumbi mabegani.

"Msiningoje," akasema. "Nilikuwa napima nchi kwa mguu wa anayeitembea. Leo nimeipima kwa bega. Ardhi haibebi jeneza."